Udongo Ndani ya Plastiki: Vibamba Vinavyoongeza Nguvu na Kuzuia Hewa

Plastiki nyingi zinazotengenezewa vipuri vya magari huimarishwa kwa nyuzi za kioo au kwa unga wa madini kama talki, na mara nyingi kijazo hicho hulazimika kufikia asilimia 20 au 30 ya uzito wote ndipo ugumu uongezeke vya kutosha, huku bidhaa ikizidi kuwa nzito. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maabara kuu ya Toyota nchini Japani walitia katika nailoni udongo usiozidi asilimia 5, na matokeo yake yakawashangaza wataalamu wa fani hiyo: nguvu ya kuhimili mvuto ilipanda kutoka megapaskali 69 hivi hadi 107, ugumu wa kutopindika ukakaribia mara mbili, na kiwango cha joto ambacho nailoni huanza kulegea chini ya mzigo kikatoka nyuzi 65 za Selsiasi hadi kupita 140. Haikuchukua muda nailoni hiyo ikatumika kutengenezea kifuniko cha mkanda wa taimingi katika injini za Toyota Camry.

Udongo wenyewe huitwa montimorilonaiti, nao ndio sehemu kuu ya bentonaiti, udongo unaofura sana ukilowa. Chembe yake moja, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, imeundwa na vibamba vilivyopangana kama kurasa za kitabu, kila kimoja kikiwa na unene wa takriban nanomita 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, ilhali upana wake huweza kufikia mamia ya nanomita. Kati ya kibamba na kibamba hukaa ioni za sodiamu, ambazo huvuta maji lakini hazipatani na polima, yaani molekuli ndefu mno zinazounda plastiki. Kwa hiyo sodiamu huondolewa na mahali pake huwekwa chumvi za amonia zenye mikia mirefu ya kaboni, ili nafasi ipanuke na polima ipate kupenya. Watafiti wa Toyota walikwenda mbali zaidi, kwani waliingiza malighafi ya nailoni katika nafasi hizo kwanza, kisha wakaiacha iungane kuwa polima humo humo, nayo ilipokua ikavisukuma vibamba hadi vikatawanyika kimoja kimoja.

Kutawanyika huko ndiko kunakostahili kuangaliwa kwa makini kuliko kiasi cha udongo, na jambo hili hudhihirika zaidi katika kuzuia gesi. Oksijeni hupita kwenye plastiki kwa kuyeyuka ndani yake na kusogea kati ya molekuli zake, lakini haiwezi kupenya kibamba cha udongo, hivyo hulazimika kukizunguka. Kwa kanuni aliyoitoa mtafiti Nielsen mwaka 1967, ikiwa vibamba vimelala sambamba na uso wa plastiki, vimechukua asilimia 2 ya ujazo, na upana wa kila kimoja ni mara 100 ya unene wake, gesi inayopita hupungua kwa takriban nusu. Vibamba hivyo hivyo vikibaki vimegandamana kumi kumi, uwiano huo hushuka hadi 10, na upungufu huwa kama sehemu moja tu ya kumi.

Mambo huwa magumu zaidi pale polima mbili zinapochanganywa, kwa mfano nailoni, inayozuia oksijeni vizuri, na poliethilini, inayozuia mvuke wa maji. Hizi hazipatani, hivyo moja hubaki kama matone ndani ya nyingine. Udongo ukikaa kwenye mpaka wa hayo matone huyazuia yasiungane tena na hivyo huyafanya kuwa madogo. Lakini ukijifungia wote ndani ya matone ya nailoni, gesi hupata njia nyeupe katika poliethilini inayoyazunguka. Ndiyo maana mpangilio wa kuchanganya, yaani kiungo kipi kitangulie kupokea udongo, una uzito mkubwa kiwandani.

Faida hizi zina gharama, kwa kuwa plastiki yenye udongo kwa kawaida hunyumbulika kidogo kabla ya kukatika. Isitoshe, chumvi nyingi za amonia huanza kuoza joto linapokaribia nyuzi 200, ilhali nailoni 6, mojawapo ya aina za nailoni, huyeyuka kwenye nyuzi 220 hivi, na zikioza vibamba huweza kurudi kugandamana kabla plastiki haijatoka mashineni.