Chumba Chenye Moto Kinahitaji Pua Mbili

Kipupwe kinapoingia Songwe, kati ya Juni na Agosti, baridi ya miinuko ya Mbozi na Ileje huwa ya kutetemesha, na hata Tunduma, mji wa mpakani unaokesha na ngurumo za malori, watu hujifungia mapema. Hapo ndipo jiko la mkaa lililoivisha ugali wa jioni huhamishiwa chumbani ili watoto walale kwenye joto. Mwenye uwezo zaidi huwasha jiko la gesi, au hutafuta hita ya gesi isiyo na dohani, kama zile zinazotumika sana Afrika Kusini. Mkaa na gesi havilingani kwa hatari, lakini vyote viwili humwaga mabaki ya moto ndani ya chumba kilekile ambamo watu wanapumua. Wengi hushauri dirisha liachwe wazi. Ushauri huo ni mzuri mchana. Usiku wa manane, baridi ikibana, mtu ataamka na kulifunga. Kwa hiyo usalama wa familia haufai kutegemea dirisha. Utegemee matundu ya ukutani yasiyofungika, na moto unaozimwa kabla ya usingizi.

Mkaa uliokolea, mwekundu usio na moshi, ndio unaowapa watu imani, na kosa liko hapo. Moshi huwasha macho, ukamtoa mtu nje. Kaboni monoksaidi haina rangi, harufu wala ladha, na mkaa huitoa kwa wingi hata ukiwa umekolea. Ikifika kwenye damu, hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu inayoizidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inaendelea kuzunguka, lakini haina cha kuupa ubongo. Aliye macho huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kusikia kichefuchefu. Aliyelala huenda asilipate hata onyo hilo, na akizinduka akataka kuufikia mlango, miguu haimbebi. Tena uzito wa kaboni monoksaidi unakaribiana na wa hewa ya kawaida, kwa hiyo huenea chumba kizima: aliye kitandani na aliye mkekani wote wamo. Kwa mkaa, basi, sisemi toboa tundu. Nasema usilale nao chumba kimoja kabisa, uwe na matundu au usiwe nayo.

Watakuwapo wa kusema kwamba gesi ni safi, na serikali yenyewe inaihimiza. Ni kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, na unastahili kuungwa mkono. Lakini usafi huo ni wa moshi na wa misitu; moto wa gesi nao unakula hewa. Kilo moja ya gesi ya mtungi huhitaji zaidi ya mita za ujazo 12 za hewa ili iungue vizuri, yaani nusu ya hewa yote iliyomo katika chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2.7. Huacha kilo 3 hivi za kaboni dioksaidi na zaidi ya lita moja na nusu ya maji, ndiyo maana kuta hutoka jasho. Oksijeni ikipungua, mwali wa buluu huwa wa njano, na kaboni monoksaidi huanza kutoka. Kwenye mwinuko wa mita 1,500, kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko pumzi ya Dar es Salaam, kwa hiyo akiba ya kuchezea ni ndogo zaidi. Hita nyingi zisizo na dohani zina kifaa cha kuzima moto oksijeni ikishuka hadi asilimia 18 hivi, kutoka 21 ya kawaida. Ni msaada mzuri, ila kinapima oksijeni, hakipimi sumu.

Hoja ngumu zaidi ni ya wazee: wao walilala kando ya moto na wakaishi. Walilala katika nyumba za udongo na nyasi, ambamo paa lenyewe lilipumua, na bado moshi uliwala macho na vifua polepole. Leo ukuta ni wa tofali za kuchoma, dirisha ni la kioo na aluminiamu, juu kuna silingi bodi, na chini ya mlango limesukumiwa tambara. Matundu aliyoyaacha fundi juu ya dirisha yamezibwa kwa hofu ya mbu. Nyumba imebadilika, moto ni uleule.

Anayetaka hita ya gesi aanze na fundi mwashi kabla ya duka. Kanuni wanayoifuata mafundi wa Marekani inaeleweka upesi: matundu mawili yanayotoka nje, moja lisizidi sentimita 30 kutoka sakafuni, jingine lisizidi sentimita 30 kutoka darini. Hewa ya moto hupanda ikatokea juu, ya baridi huingia chini kuziba pengo. La juu litokee nje kweli, lisiishie ndani ya dari. La chini lina kazi ya pili: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni, nalo huipa njia ya kutoka. Wavu wa chuma utazuia mbu. Baridi itaingia kidogo, naam, na blanketi la pili litaimaliza.

Wote wa nyumba moja wakiamka wanaumwa kichwa, kisha wakipata nafuu wakitoka nje, usikimbilie kusema malaria; huenda ni kaboni monoksaidi. Watoe nje, wafikishe hospitali wapewe oksijeni. Kwa hewa ya kawaida sumu hii hupungua nusu baada ya saa 4 hadi 5. Kwa oksijeni safi, ni kama saa moja na nusu. Maziwa hayaiondoi. Nanyi wenye gesti za Tunduma mnaolaza madereva wanaosubiri kuvuka, pandeni kwenye kiti kabla ya Juni, mtazame kila chumba kama tundu la juu bado liko wazi.