Imani ya Siku za Kazi

  

Mwezi huu sitaki kuongea juu ya Jumapili. Jumapili tunajua kuimba, tunajua kupiga makofi, ngoma zipo. Nataka kuongea juu ya Jumatatu mpaka Jumamosi, maana swali ninaloulizwa sana siku hizi linatoka huko. Watu wananiuliza Mungu yuko wapi tangu chakula kikatwe. Wengine wanauliza kwa hasira, wengine polepole, wakati wenzao wameshatoka kanisani. Mimi sioni kuwa ni swali la mtu aliyekosa imani. Aliyekosa imani hana wa kumwuliza.

Tuseme mambo yalivyo. Mwezi wa 4 mwaka 2020 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wa wakimbizi hapa Uganda ukabaki asilimia 70. Mwezi wa 2 mwaka 2021 ukashuka tena, asilimia 60. Mwaka 2023 tukagawanywa makundi matatu, na familia za kundi la tatu zikaambiwa zijitegemee. Halafu mwaka 2025 fedha za wafadhili zikapungua sana, watu karibu milioni moja wakatolewa kwenye mgao. Kujitegemea ni jambo jema, hakuna anayekataa. Lakini kujitegemea kwenye kiwanja cha mita 30 kwa 30, nyumba na choo vikiwa humohumo, mama yeyote mwenye jembe anajua hesabu yake.

Sasa wanapita wahubiri wanaosema njaa hii ni kwa sababu hatuna imani, eti tutoe kwanza sadaka ya mbegu ndipo baraka zishuke. Hapo sikubali, na nasema wazi. Mtoto anayelia usiku hakumkosea Mungu. Wanapenda kusoma habari ya mjane wa Sarepta (1 Wafalme 17), kwa kuwa Eliya alimwomba amwokee yeye mkate kwanza. Basi tuisome yote. Eliya alikuwa nani pale? Alikuwa mkimbizi. Alikuwa amejificha, mfalme Ahabu anamtafuta, akavuka mpaka akaingia nchi ya Sidoni ambako si kwao. Yule mama hakuwa hata wa taifa lake. Alimkuta anaokota kuni, kazi ya kila siku ambayo mama zetu wanaijua. Alikuwa na unga wa kiganja kimoja na mafuta kidogo chupani.

Na baada ya kula, je, Eliya alichukua mkate wake akapanda boda akaenda zake? Hapana. Alikaa kwenye nyumba ile, akala kile walichokula mama na mwanawe, siku nyingi. Mtoto alipougua na kufa, Eliya alikuwepo. Mhubiri anayetaka unga wako aje kwanza akae na njaa yako.

Kitu kingine ninachokipenda katika habari hii ni kwamba pipa halikujaa mpaka juu. Unga haukuisha, basi. Yule mama aliendelea kuamka, kuokota kuni, kukanda. Muujiza ulipita mikononi mwake, na nafikiri siku nyingine hata hakuuona, aliona tu kwamba leo pia wamekula.

Ardhi hii ni ya nani?

Wengi wetu tulipofika tulifikiri ardhi tunayokaa ni ya serikali au ya UN. Sivyo. Huku West Nile sehemu kubwa ya ardhi ni ya koo, na ni wazee wa koo waliokaa chini wakakubali tuwekwe. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, lakini sheria haimlazimishi mzee akukatie kipande cha shamba lake mwenyewe ulime mihogo. Mbona wanakatia?

Waulizeni wenye mvi. Mwaka 1979 Idi Amin alipopinduliwa, na zaidi mwaka 1980 vita vilipofika huku, watu wa West Nile walikimbia maelfu kwa maelfu. Wengine walivuka kwenda upande wa Aru, Zaire ya wakati ule, ambako Walugbara na Wakakwa wana ndugu zao. Wengine walikwenda Sudani, upande wa Yei. Mtafiti mmoja, Barbara Harrell-Bond, aliandika kitabu kizima mwaka 1986 juu ya hao Wauganda waliokuwa wakimbizi Sudani. Walikaa miaka, wakazaa huko, wakazika huko, ndipo wakarudi.

Mzee mmoja jirani aliwahi kunieleza kwamba mama yake, walipovuka mpaka, alionyeshwa shamba la mihogo na mwanamke ambaye hawakujua hata jina lake. Aling'oa, akapika, watoto wakalala. Kwa hiyo Wakongo walipoanza kufika Lobule mwaka 2013, yule mzee hakuhitaji semina ya kuambiwa mkimbizi ni nani. Mimi nimesoma chuo cha biblia, lakini juu ya neema nimejifunza mengi katika ile mihogo.

Kufuli tatu

Wengine mnaona imani ni kufunga na kukesha. Ni vizuri. Lakini tuangalie vikundi vyetu vya akiba. Lile sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti. Ndugu mmoja alisema hilo ni kutoaminiana, kwamba waliookoka hawahitaji kufuli. Mimi naona ni upendo. Unamlinda mwenzako asijaribiwe siku mtoto wake ana malaria na sanduku liko chini ya kitanda.

Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wazee wetu wanauita wa Balokole, ulikua kutoka urafiki wa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza, Joe Church, waliokutana Kampala mwaka 1929. Ukawaka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea mpaka huku kwetu. Watu walijuaje kwamba ni wa kweli? Si kwa kelele tu. Walioguswa walirudisha walichoiba na kulipa madeni ya zamani. Kama umeokoka na deni la dukani bado liko kwenye daftari la mama yule, nenda kalipe hata shilingi mia tano mia tano.

Na akina baba, naomba mnisikie. Foleni ya bomba imejaa wanawake na wasichana, sisi tuko chini ya mwembe tunaongea siasa za Kinshasa. Jerikeni ya lita 20 haina jinsia. Kibeba maji sikitaji mahubiri marefu.

Kuna jambo zito la mwisho. Baadhi ya familia zinafikiri kurudi ng'ambo kwa sababu ya njaa, ingawa amani haijakamilika. Siwezi kumwambia mtu kwa jina la Mungu akae au aende. Ninachoomba, usiende kwa sababu ya ndoto ya nabii. Waulize waliotoka kijiji chako karibuni, barabara ikoje, nani amekaa kwenye shamba lako. Na kama ni lazima uende, usimtoe shuleni mtoto wa darasa la saba kabla ya mtihani.

Hapa kwetu tayari ziko nyumba zilizobaki na watoto wa majirani kwa sababu hiyo. Katika nyumba moja mama bado anapima unga kwa kikombe kilekile cha zamani. Walikuwa watano, sasa ni saba, na sufuria amebadilisha, amechukua ile ndogo ili ugali usionekane umepungua.