Kengele ya shule ikinyamaza, nani atashika saa?

Muhula wa tatu ukiisha, kuna kazi moja ambayo shule huifanya bila kushukuriwa na ambayo sasa humwangukia mzazi: kushika saa. Wakati wa masomo, ratiba ndiyo huamua mtoto aamke lini, ale lini na akimbie uwanjani lini. Kisha huja likizo ndefu ya Novemba na Desemba, na kengele inanyamaza.

Wapo wanaosema, waacheni watoto wapumzike, wamesoma vya kutosha. Ni kweli. Lakini kupumzika si kuvurugika. Huko Marekani, watafiti Paul von Hippel na Joseph Workman walifuatilia zaidi ya watoto 18,000 tangu chekechea hadi darasa la pili. Katika matokeo yao ya 2016, kiwango cha watoto wanene kupindukia kilipanda kutoka asilimia 8.9 hadi 11.5, na ongezeko lote lilitokea wakati wa likizo ndefu za huko, si wakati wa masomo. Likizo yao huangukia katikati ya mwaka, yetu mwishoni, lakini sebule ya Umoja au Buru Buru mwezi wa Desemba ina mambo yale yale: kochi, runinga, simu na kitu cha kutafuna.

Kinachoharibika kwanza, aghalabu, si chakula bali usingizi. Mtoto aliyekuwa akilala saa tatu usiku ili awahi gari la shule sasa anakodolea simu macho hadi saa sita. Anaamka saa nne asubuhi, chai anainywa saa tano, chakula cha mchana hakitaki, na ifikapo saa kumi njaa inamtuma kibandani kununua chipsi na soda. Usiku ukiingia, hana usingizi. Mama hulaumu chipsi, ilhali mambo yaliharibika jana usiku.

Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na kijana wa miaka 13 hadi 18 saa 8 hadi 10. Kwa hivyo mzazi, ikiwa una nguvu za kupigania jambo moja tu, pigania saa ya kulala. Mwongezee saa moja, maana likizo ni likizo, lakini simu zote zilale sebuleni. Hata ya baba.

Ugumu ni kwamba wazazi wengi hawako nyumbani. Wanatoka alfajiri kushika matatu na kurudi giza limeingia, watoto wameachiwa msichana wa kazi au kifungua mimba wa miaka 14. Kuagiza kwamba watoto wasipewe vitu vitamu hakusaidii ikiwa umeacha pesa mezani. Afadhali uache githeri au viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, na ndizi mbivu. Soda ya kawaida ya mililita 300 ina sukari ya takriban vijiko 8 vya chai. Iwe ya Jumapili.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kila siku za kukimbia na kutoa jasho kwa walio na miaka 5 hadi 17. Hapo ndipo wengi hukwama: uwanja wa mtaa umejengwa fleti, na njia imejaa bodaboda. Hofu hiyo si ya bure. Majirani wa ploti moja wanaweza kupeana zamu, leo mama huyu awatazame watoto wakicheza kati na kuruka kamba, kesho yule. Wanaopelekwa kwa nyanya mashambani wana bahati. Huko watakimbia bila kuambiwa. Watilie tu mswaki kwenye mfuko.

Shule zikikaribia kufunguliwa Januari, usingoje Jumapili ya mwisho. Anza siku kumi kabla, ukimlaza mapema zaidi kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili. Siku hizo hizo mjaribishe viatu vya shule, maana miezi miwili ni mingi kwa mguu wa mtoto.