Sauti ya Upepo

Upepo upitao uwandani, pasipo kitu cha kuuzuia, hausikiki sana. Lakini ukikutana na waya, mara huanza kuimba. Watu wengi hudhani ya kuwa waya ndio uliao, kama uzi wa zeze. Sivyo. Hewa hugawanyika mbele ya waya, na nyuma yake hufanya visulisuli vidogo, kimoja juu, kimoja chini, kwa zamu, kama maji yapitayo nguzo ya daraja. Kila kisulisuli huisukuma hewa kidogo. Misukumo hiyo ikifuatana upesi, sikio huisikia kuwa sauti.

Mwaka 1878 mtaalamu mmoja Mcheki, Vincenc Strouhal, alizungusha nyaya hewani akazisikiliza. Aliona ya kuwa upepo ukizidi mbio sauti hupanda, na waya ukiwa mnene hushuka. Waya wa unene wa milimita 2, katika upepo wa mita 10 kwa sekunde, hutoa jozi 1000 hivi za visulisuli kila sekunde! Chukua ufito mwembamba, uupunge polepole, kisha kwa nguvu, nawe utasikia.

Je, bundi? Manyoya ya ukingo wa mbele wa mabawa yake yana meno kama chanuo, na ya nyuma yana nyuzi laini. Hizo huituliza hewa, hata panya asisikie kitu mpaka amekwisha kamatwa.