Unapohamia mjini: Pima mtaa kwa miguu kabla ya kulipa kodi

Kila mwaka, hasa katika miezi ya Julai na Agosti shule zinapokuwa zimefungwa, jamaa nyingi hufunga mizigo na kuhama. Mwalimu amehamishwa kutoka Ngozi kuja Bujumbura; karani amepata kazi bandarini; kijana aliyeoa juzi anatoka katika nyumba ya wazazi ili kuanza maisha yake. Wote hao, wanapotafuta nyumba, huuliza maswali mawili: Kodi ni kiasi gani? Vyumba ni vingapi? Ni maswali ya haki, lakini hayatoshi. Liko swali la tatu ambalo aghalabu husahauliwa mpaka mizigo imekwisha kushushwa: watu wa nyumba hii watakuwa wakienda wapi kila siku, nao watafikaje huko?

Yafaa swali hilo lipewe uzito. Nyumba inaweza kupakwa rangi upya na mlango mbovu unaweza kutengenezwa, lakini hakuna fundi awezaye kulisogeza soko karibu na jiko lako.

KODI ISIYOANDIKWA

Kila nyumba ina kodi mbili. Ya kwanza huandikwa katika mkataba na hulipwa kwa mwenye nyumba. Ya pili haiandikwi popote. Hulipwa kwa nauli, kwa muda na kwa jasho, tena hulipwa kila siku.

Tuchukue mfano wa mtumishi mmoja mwenye watoto wawili wa shule. Amepata nyumba kubwa pembezoni mwa mji kwa kodi nafuu, akafurahi. Lakini kazi iko mjini, na shule pia iko mjini. Watu watatu, kila mmoja akipanda basi asubuhi na jioni, ni nauli 6 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi ni nauli 132 kwa mwezi. Na azizidishe nauli hizo kwa bei ya basi ya siku hiyo, kisha ajumlishe na kodi. Mara nyingi ataona kwamba nyumba ile ndogo ya mtaa wa karibu, aliyoiona ghali, ndiyo iliyokuwa rahisi.

Wala si fedha pekee. Nauli huhitaji basi lenyewe liwepo. Wakazi wa Bujumbura hawahitaji kukumbushwa foleni za vituo vya mabasi katika vipindi vya upungufu wa mafuta vilivyoanza mwaka 2021 na kurudi mara kwa mara katika miaka iliyofuata. Tena mwezi Machi 2022 pikipiki, baiskeli na bajaji zilizuiwa kuingia katikati ya mji na katika baadhi ya barabara kuu. Siku kama hizo ziligawanya watu katika mafungu mawili: waliokaa mahali ambapo kazi na soko hufikiwa kwa miguu, na waliobaki kituoni wakitazama saa zao. Tofauti yao haikuwa mshahara, bali ni mtaa waliouchagua.

MITAA YA ZAMANI ILIVYOPANGWA

Mtu mgeni akitazama mji huu atashangaa kuona kwamba baadhi ya mitaa iliyo rahisi kwa mwenda kwa miguu ni ile ya zamani. Buyenzi na Bwiza zilipangwa wakati wa utawala wa Wabelgiji, kwa ajili ya watu waliotarajiwa kwenda kazini kwa miguu yao. Kwa hiyo zikawekwa karibu na mji, barabara zikanyoshwa, zikakatana kama nyuzi za mkeka na kupewa namba. Hapana mtu anayepotea, na hapana haja ya kuzunguka sana: ukiona barabara moja imejaa matope, unapita ya pili yake. Buyenzi ina soko lake la Ruvumera. Bwiza ina soko la Jabe. Fundi cherehani, muuza mkaa, kinyozi, msikiti na duka la chumvi vyote viko hatua chache kutoka mlangoni, na mtu mzima mwenye afya hufika katikati ya mji kwa miguu.

Ngagara ilijengwa katika miaka ya 1950 na lile shirika la nyumba la Wabelgiji lililoitwa kwa kifupi OCAF, jina ambalo wazee wengi wanalitumia hata leo kwa mtaa wenyewe. Iko mbali kidogo kuliko Bwiza, lakini nayo iligawanywa katika sehemu zenye namba, na watu wake wana soko lao. Kamenge, Kinama na Musaga ziko mbali zaidi na katikati ya mji, lakini kila mmoja wa mitaa hiyo una soko lake, na mwenye kazi hukohuko haoni umbali huo.

Hapa pana funzo. Mtaa mwema kwa mwenda kwa miguu si lazima uwe katikati ya mji. Ni ule ambao mahitaji ya kila siku yamo ndani yake. Katika viwanja vipya mara nyingi nyumba hutangulia, na soko, shule na zahanati hufuata baadaye, pengine baada ya miaka mingi. Anayehamia huko mapema na ajue kwamba atatembea kwa miaka hiyo yote.

MTO, MLIMA NA MVUA

Ramani ina uwongo wake. Huonyesha nyumba na shule zikitazamana, lakini kati yao pana mto Ntahangwa na korongo lake refu, na daraja liko mbali. Wakazi wa Nyakabiga na wa Gihosha wanafahamu vyema jambo hilo: jirani unayeweza kumwona ng'ambo si jirani unayeweza kumfikia kwa haraka. Hali ni hiyohiyo kwa mto Muha upande wa kusini. Kwa hiyo umbali upimwe kwa njia ya daraja, si kwa macho.

Mlima nao uhesabiwe. Mji wetu unaanzia kandokando ya Ziwa Tanganyika na kupanda hadi miguuni mwa milima. Anayekaa juu, kama Kiriri, hushuka asubuhi akiwa mwepesi na hupanda jioni akiwa amechoka na amebeba vitu. Upepo mzuri wa huko una bei yake.

Juu ya yote kuna mvua. Nyumba nyingi hukodishwa wakati wa kiangazi, ambapo kila njia ni kavu na kila mtaro ni mtupu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua kubwa ilileta mafuriko katika mitaa ya kaskazini, ikiwamo Kamenge, Kinama na Buterere, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hata nyumba za Kibenga na Gatumba zikaingiliwa. Kabla ya kusifu uwanja tambarare usio na kilima, waulize majirani maji yalifika wapi katika miaka hiyo. Watakuonyesha alama ukutani.

MIGUU YA NANI?

Hili ndilo jambo tunalotaka kulisisitiza katika ukurasa huu wa nyumbani. Katika jamaa nyingi, baba ndiye anayekwenda kutazama nyumba. Huipima kwa umbali wa kazi yake, akatoa malipo ya awali, kisha akawaita wengine. Lakini baba hutembea safari moja ya kwenda na moja ya kurudi. Mama huenda sokoni, dukani, kisimani bomba linapokauka, zahanati mtoto anapopata homa, na kwa mgonjwa au msibani kwa majirani. Ikiwa bomba liko mbali, bidoni moja la lita 20 ni kilo 20 kichwani, na nyumba haiishi kwa bidoni moja.

Mtoto naye ana hesabu yake. Shule ikiwa kilometa 2 kutoka nyumbani, mtoto hutembea kilometa 4 kila siku, yaani 20 kwa wiki. Tukihesabu wiki 36 za masomo, ni kilometa 720, kama mara saba ya safari ya kutoka Bujumbura mpaka Gitega. Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto huyo ndiye tunayemlaumu kwa kusinzia darasani.

Basi nyumba ipimwe kwa miguu ya aliye dhaifu zaidi katika jamaa: mtoto mdogo, mama mjamzito, au bibi anayetaka kuhudhuria ibada bila kushikwa mkono. Mahali anapoweza kutembea huyo, wengine wote wataweza.

NAMNA YA KUPIMA

Kwanza, andika sehemu tano zinazoendewa zaidi na watu wa nyumba yako: kazini, shuleni, sokoni, zahanati, na penye maji.

Pili, mwende wawili, mume na mke, mkaanzie kwenye mlango wa nyumba mnayoitaka na kutembea hadi kila sehemu. Mtu mzima huhitaji kama robo saa kwa kilometa moja katika njia tambarare. Mtoto huhitaji zaidi. Sehemu inayohitaji zaidi ya nusu saa iandikwe kuwa ni ya nauli.

Tatu, nendeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya kazi, si Jumapili mchana. Tazameni watoto wanavyovuka barabara kuu, na kama pana kando ya kupitia mbali na magari. Rudini jioni giza linapoingia, mwone kama kuna taa na kama mitaro ina vifuniko.

Nne, zungumzeni na mkuu wa nyumba kumi na wanawake wa jirani. Waulizeni habari za maji, mvua, wezi na bei za sokoni. Mtakapohamia, hao ndio mtakaojiandikisha kwao na kuwaita usiku.

Tano, fanyeni hesabu ya kodi mbili kwa pamoja, ile iliyoandikwa na ile isiyoandikwa.

HAPANA MTAA USIO NA KASORO

Hatusemi kwamba mitaa ya karibu ni pepo. Uwanja ni mdogo, nyumba zimebanana, na Buyenzi nyundo za mafundi wa magari huanza mapema. Mwenye kufuga kuku au kulima mboga atakosa nafasi. Kila jamaa ina haja zake, na wengine wana sababu nzuri za kwenda mbali.

Lakini kwa jamaa ya kipato cha kawaida isiyo na gari, maoni yetu ni haya: chumba kimoja pungufu karibu na shule na soko kina faida kuliko chumba kimoja cha ziada mahali ambapo kila kibiriti hufuatwa kwa basi. Watoto wanaweza kulala wanne chumbani na wakafaulu masomo. Ni vigumu kufaulu kwa anayeamka saa kumi alfajiri kila siku ili awahi kengele.

Ushauri huu unawafaa pia wanaohamia Gitega, uliofanywa makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, na miji mingine ya mikoani. Huko viwanja vingali vinapatikana na shauku ya nyumba kubwa ni kubwa. Kabla ya kutoa fedha yako, vaa viatu, mchukue mwenzako na mtoto wenu mdogo, mkatembee.