Netiweki Imejaa, Ujumbe Hauji: Usitume Pesa Mara Mbili

Uko sokoni Busia, magunia ya mahindi yameshapakiwa na muuzaji anakungoja. Umeweka PIN, netiweki imejaa, lakini ujumbe wa kuthibitisha hauji. Utatuma tena? Hebu subiri kidogo.

Muamala wako husafiri kama moja na sifuri. Kwenye laini za waya za E1, zinazopitisha biti 2,048,000 kwa sekunde, moja ni mdundo wa umeme na sifuri ni kimya. Kimya kikizidi, mashine ya upande wa pili hupoteza hesabu, kama mchezaji ambaye ngoma imemnyamazia.

Ndiyo maana mafundi huchagua mpangilio wa HDB3. Sifuri nne zikifuatana, mashine huingiza mdundo wa alama, na ile inayopokea huutambua na kurudisha sifuri zake. Mpangilio wa AMI pekee hauingizi chochote.

Shida huja ncha mbili zisipokubaliana. Huku wameweka HDB3, kule AMI: taa zinawaka, hata simu za sauti zinaweza kupita, kumbe data inaharibika kila sifuri zinapofuatana. Siku hizi minara mingi inatumia faiba na maikrowevu, lakini somo ni lile lile: kuunganishwa si kufika.

Kwa wakazi wa Busia na Malaba kuna la ziada. Simu yako inaweza kushika mnara wa Uganda hata kabla hujavuka mpaka. Ingia kwenye mipangilio ya simu, upande wa mitandao, zima uchaguzi wa otomatiki, kisha chagua mtandao wako wa Kenya. Ukivuka, kumbuka kuirudisha ilivyokuwa.

Na ujumbe ukichelewa, fanya hivi:

1. Angalia salio na orodha ya miamala yako kwanza.
2. Kama pesa imetoka, usitume tena. Mwambie mpokeaji aangalie salio lake; huenda ni ujumbe tu uliochelewa.
3. Kama imetoka na hajaipata, pigia huduma kwa wateja. Wape namba ya mpokeaji, kiasi na saa uliyotuma. PIN usimpe mtu yeyote, hata sisi.

Dakika moja ya kuangalia salio ni nafuu kuliko kumwomba mtu akurudishie pesa ambazo ameshazitumia.