Dawa ya Mtoto: Tuitazame Kabla ya Kulipa

Akina mama wenzetu, ni nani kati yetu hajawahi kukimbilia duka la dawa usiku, mtoto akichemka homa mgongoni? Saa hiyo tunapokea chochote tunachopewa. Mwenzetu mmoja hapa Tunduma alifika nyumbani na dawa ya maji, akaisogeza chupa kwenye taa: muda wake wa kutumika ulikwisha miezi minne nyuma. Alirudi usiku uleule, akabadilishiwa. Je, kama asingetazama?

Mji wetu uko mpakani. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia. Bidhaa nyingine hupitishwa kwa njia za panya, na dawa zaweza kuwamo. Dawa ambayo haikusajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba hatuna wa kutuhakikishia ubora wake. Hata dawa njema, ikianikwa juani sokoni, huharibika.

Maduka ya Dawa Muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, ili nasi tulio mbali na miji mikubwa tuhudumiwe na mtu aliyefunzwa. Basi tuingiapo dukani tutazame kibali cha Baraza la Famasi ukutani, tusome tarehe, tuhakikishe kizibo hakijafunguliwa. Antibiotiki tusinunue nusu dozi, maana vijidudu vinavyobaki huwa sugu. Homa ya mtoto mchanga tuipeleke zahanati mara moja.

Kuuliza si ukorofi. Watoto ni amana tuliyopewa na Mungu. Tuilinde kwa macho yaliyo wazi.